Dawa za Usingizi za Kuvuta: Ipi Imlaze Mtoto, Ipi Imlaze Mnyama, na Nani Ataamka Vizuri

Anayeagiza dawa ya usingizi ya kuvuta kwa ajili ya hospitali au kliniki ya mifugo huulizwa kwanza jinsi dawa hiyo inavyolaza haraka. Swali hilo ni la haki, lakini ni nusu ya jambo. Usingizi wa upasuaji una ncha mbili, ya kulala na ya kuamka, na dawa inayopendeza katika ncha ya kwanza inaweza kuleta tabu katika ncha ya pili. Zaidi ya hapo, jibu linalomfaa mtoto wa miaka mitatu haliwezi kuchukuliwa lilivyo na kupelekwa kwa mbwa, sungura au farasi, hata kama chupa ni ileile na mashine ni ileile. Ulinganisho huu unazihusu halotheni, isoflureni, sevoflureni na desflureni, pamoja na nitrasi oksaidi kwa kifupi, nao umekusudiwa kwa wataalamu wa usingizi, madaktari wa mifugo na wale wanaoidhinisha manunuzi yao.

Vipimo viwili vya kuanzia

Kasi ya dawa ya kuvuta hutegemea zaidi jinsi inavyoyeyuka katika damu. Dawa ambayo damu huimeza kwa wingi huchelewa kujenga shinikizo mapafuni, na kwa kuwa ubongo hufuata shinikizo hilo, mgonjwa huchelewa kulala na huchelewa kuamka. Uwiano wa kuyeyuka kwa halotheni ni takriban 2.4, wa isoflureni 1.4, wa sevoflureni 0.65, wa nitrasi oksaidi 0.47 na wa desflureni 0.42. Mtu akiutazama mpangilio huo peke yake atadhani desflureni ndiyo mshindi, na hapo ndipo wengi wanapopotoka, kwa sababu namba hiyo haisemi lolote kuhusu koo la mgonjwa.

Kipimo cha pili ni nguvu, ambayo hupimwa kwa MAC, yaani kiwango cha mvuke kinachowafanya nusu ya wagonjwa wasisogee ngozi inapokatwa. Kwa mtu mzima MAC ya halotheni ni takriban asilimia 0.75, ya isoflureni 1.15, ya sevoflureni 2 na ya desflureni 6. Watoto huhitaji zaidi: sevoflureni hufika asilimia 3.3 kwa mtoto mchanga, kisha hushuka hadi karibu 2.5 katika miaka ya utotoni. Kwa mbwa, halotheni ni takriban 0.9, isoflureni 1.3 na sevoflureni 2.3, farasi hukaribiana naye, na paka huhitaji zaidi kidogo, isoflureni yake ikiwa karibu 1.6 na sevoflureni 2.6. Nitrasi oksaidi ndiyo inayotofautiana sana, kwani MAC yake kwa binadamu ni karibu asilimia 105, yaani peke yake haitoshi, ilhali kwa mbwa inakaribia mara mbili ya hiyo. Gesi inayomsaidia mtoto waziwazi humsaidia mbwa kidogo tu, na kliniki ya mifugo haina sababu kubwa ya kuinunua.

Mtoto na barakoa

Watoto wadogo wengi huogopa sindano kuliko kitu kingine chochote hospitalini, ndiyo maana kumlaza mtoto kwa barakoa kumedumu hata baada ya dawa za mshipani kuwa nyingi. Mwili wa mtoto nao unasaidia. Upumuaji wake ni mwingi kwa kulinganisha na hewa inayobaki mapafuni, na sehemu kubwa ya damu yake huelekea kwenye ubongo na viungo vingine vyenye mishipa mingi, hivyo mvuke humfikia upesi kuliko unavyomfikia mtu mzima. Faida hiyo ndiyo hatari pia, maana kipimo kinachozidi hufika moyoni kwa kasi hiyohiyo.

Halotheni ilitengenezwa na Charles Suckling katika maabara za ICI nchini Uingereza mwaka 1951 na ikaanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1956. Kwa takriban miaka arobaini ndiyo iliyokuwa dawa ya barakoa kwa watoto: harufu yake ni tamu, haiwashi koo, na mtoto huivuta bila kukohoa. Namna yake ni ya kupanda ngazi, yaani kuanza na asilimia 0.5 na kuongeza kidogo kila baada ya pumzi chache hadi kufika 3 au 4. Udhaifu wake ni moyo. Hupunguza nguvu ya kusukuma damu, hupunguza mapigo, na huufanya moyo uwe mwepesi wa kuvurugika mbele ya adrenalini, iwe ni ile inayotoka mwilini kwa hofu na kwa hewa ukaa iliyozidi, au ile ambayo daktari wa upasuaji ameidunga ili kupunguza damu kutoka.

Sevoflureni iliidhinishwa Japani mwaka 1990 na Marekani mwaka 1995, ikabadilisha mambo kabisa. Haina ukali kooni, kwa hiyo inaweza kuanzishwa moja kwa moja kwa asilimia 8 bila kupanda ngazi. Mtoto hupumua mara chache, macho yake hupoteza mwelekeo, na kwa muda wa dakika moja hivi ukigusa kope hazichezi. Kisha hufuata kipindi ambacho mzazi aliyesimama kando hapaswi kukishuhudia bila kuandaliwa: miguu hurusharusha, pumzi huenda mbio, macho huenda pande zisizolingana, na ulimi ukianza kulegea husikika sauti ya kukoroma. Mtaalamu anayejua kazi yake huinua taya, huiacha barakoa mahali pake na kuzuia pupa ya wenzake, kwa maana kuchoma kanula, yaani mrija wa mshipani, wakati huo ndiko kunakolifanya zoloto likaze na kuifunga njia ya hewa. Mboni zikirudi katikati na kuwa ndogo, na pumzi ikawa na mpangilio, ndipo mkono hutafutwa mshipa, na ndipo vaporaiza, yaani chombo kinachogeuza dawa kuwa mvuke na kupima kiwango chake, hushushwa kutoka 8. Kuisahau hapo ni kosa la hatari, kwani sevoflureni nyingi kwa muda mrefu hushusha shinikizo la damu na huweza kuamsha mawimbi ya ubongo yanayofanana na ya kifafa. Mtoto mwenye dalili za Down anahitaji uangalizi wa pekee, kwa kuwa mapigo yake hushuka mara nyingi hata kwa sevoflureni.

Kuna tofauti moja ambayo nadhani haisemwi vya kutosha. Vaporaiza ya halotheni kwa kawaida hufika asilimia 5, na ya sevoflureni hufika 8. Kwa mtoto, halotheni ya 5 ni kama mara tano ya MAC yake, lakini sevoflureni ya 8 ni kama mara tatu tu. Mtu aliyeshituka na kuzungusha kitasa hadi mwisho atakuwa amempa mtoto wa halotheni sumu kubwa zaidi kuliko aliyempa mtoto wa sevoflureni, na kwa kuwa halotheni huyeyuka sana katika damu, kuitoa mwilini huchukua muda mrefu zaidi. Sajili ya Marekani iliyokusanya taarifa za mioyo ya watoto iliyosimama wakati wa upasuaji ilionyesha kwamba katika miaka ya 1994 hadi 1997 dawa zilichangia asilimia 37 ya matukio, halotheni ikiwa mbele. Katika miaka ya 1998 hadi 2004 mchango huo ulishuka hadi asilimia 18, na waliochambua walikuhusisha kushuka huko na kuondoka kwa halotheni. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za kuitetea sevoflureni, kuliko hata kasi yake.

Isoflureni na desflureni hazifai kumlaza mtoto kwa barakoa. Isoflureni ina harufu kali, huleta kikohozi, kubana pumzi na mate mengi. Desflureni ni mbaya zaidi: watoto waliojaribiwa kulazwa nayo walipata mikazo ya zoloto kwa wingi mno, na maelezo yake rasmi nchini Marekani yanaonya isitumike kuanzishia usingizi wa watoto. Nitrasi oksaidi, iliyochanganywa na oksijeni nusu kwa nusu au zaidi kidogo, haina ukali wowote kooni na humtuliza mtoto kabla mvuke haujaongezwa. Lakini mwishoni lazima apewe oksijeni peke yake kwa dakika kadhaa, kwa kuwa gesi hiyo inapotoka kwa wingi huisukuma oksijeni nje ya mapafu.

Kuamka haraka si kuamka vizuri

Katika ncha ya pili sevoflureni hupoteza sehemu ya heshima yake. Mtoto huamka mapema kuliko aliyelazwa kwa halotheni, lakini watoto wengi, hasa wa miaka miwili hadi mitano, huamka wakiweweseka. Hulia bila kunyamazishika, hujirusha, hung'oa kanula, na hutazama bila kuona, kiasi kwamba mama akimwita jina mtoto hageuki. Hali hiyo imetokea hata kwa watoto waliolazwa kwa ajili ya kupigwa picha za MRI, ambako hakuna kidonda wala maumivu, kwa hiyo si sahihi kuieleza kuwa ni maumivu tu. Mara nyingi hupita yenyewe ndani ya dakika 5 hadi 15. Wataalamu huipima kwa alama za PAED zinazotoka 0 hadi 20, na mtoto mwenye 10 au zaidi huhesabiwa kuwa ameingia katika hali hiyo. Hupunguzwa kwa dozi ndogo ya propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, mwishoni mwa upasuaji, kwa fentanili ya kuzima maumivu, au kwa deksmedetomidini ya kutuliza, na pia kwa kuyazima maumivu mapema, kwa mfano kwa ganzi ya mkia wa mgongo kwa mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri. Mvuke wa usingizi wenyewe hauachi nyuma kituliza maumivu chochote cha maana, na anayeamka haraka hukutana na maumivu haraka.

Mtoto wa halotheni huamka polepole, mara nyingi ametulia. Hapa wapenzi wa halotheni wana hoja, nami naikubali, ila utulivu huo una bei: mtoto aliyelala bado nusu usingizi katika wodi yenye muuguzi mmoja anaweza kuzibwa na ulimi wake mwenyewe bila mtu kugundua. Chumba cha kuamkia kisicho na mashine ya kupimia oksijeni kwenye kidole hakipaswi kufurahia mtoto aliyenyamaza.

Ini nalo limo katika hesabu. Takriban asilimia 20 ya halotheni huvunjwavunjwa na mwili, ilhali kwa sevoflureni ni 3 hadi 5, kwa isoflureni 0.2 na kwa desflureni 0.02. Homa ya ini inayoletwa na halotheni ni adimu, na kwa watoto ni adimu zaidi, lakini ndiyo sababu ya kutoirudia kwa mgonjwa yuleyule kabla ya miezi mitatu.

Gharama, kwa mililita

Bei za chupa hubadilika, lakini hesabu ya ujazo haibadiliki. Mililita moja ya sevoflureni ya maji hutoa takriban mililita 180 za mvuke, ya isoflureni 195 na ya halotheni 227. Mtoto anayelazwa kwa sevoflureni asilimia 8 katika mtiririko wa lita 6 kwa dakika hutumia karibu mililita 2.7 za dawa kila dakika, yaani karibu mililita 8 kwa dakika tatu. Halotheni ya asilimia 3 katika mtiririko huohuo hutumia 0.8 tu kwa dakika. Wakati wa kumdumisha usingizini kwa lita 2 kwa dakika, sevoflureni ya 2.5 humaliza takriban mililita 17 kwa saa na isoflureni ya 1.5 humaliza takriban 9, nayo isoflureni mililita yake kwa kawaida ni ya bei ndogo. Kwa hiyo mpango wa kumlaza mtoto kwa sevoflureni kisha kumhamishia kwenye isoflureni una mantiki katika upasuaji unaozidi saa moja. Katika upasuaji wa dakika ishirini hauna maana, kwani mtoto atakuwa hajamaliza kuitoa ya kwanza kabla ya kuitoa ya pili.

Hospitali zinazotegemea mashine ambazo mgonjwa huvuta hewa mwenyewe kupitia kwenye vaporaiza, kama zile za OMV (vaporaiza ndogo ya Oxford) zilizozoeleka katika hospitali nyingi za wilaya, zina tatizo lao. Mvuke wa sevoflureni una shinikizo dogo, karibu milimita 160 za zebaki kwenye nyuzi 20, ilhali halotheni na isoflureni zina karibu 240. OMV moja haiwezi kutoa sevoflureni ya kutosha kumlaza mtoto upesi, na baadhi ya wataalamu huunganisha mbili mfululizo. Ukaribu huo wa shinikizo ndio umewashawishi watu kumimina isoflureni katika vaporaiza ya halotheni, nayo hutoa kiwango kisicho mbali na kinachosomeka. Kinyume chake, halotheni ikimiminwa katika vaporaiza ya sevoflureni hutoa kipimo kikubwa mno kuliko kitasa kinavyosema, nayo ni dawa yenye nguvu zaidi tangu mwanzo. Kosa hilo linaweza kuua.

Mnyama si mtoto mdogo mwenye manyoya

Kwa wanyama barakoa inapoteza hadhi yake. Mtoto huandaliwa kwa maneno, huchaguliwa wimbo, hupakatwa na mama. Mbwa aliyebanwa mdomo na barakoa haelewi chochote isipokuwa kwamba anazibwa pumzi, hupigana, na adrenalini inayomjaa ndiyo ileile ambayo moyo uliovuta halotheni hauivumilii. Paka huwekwa ndani ya kisanduku kilichojaa mvuke, na aliyemtoa humo huvuta sehemu ya mvuke huo yeye mwenyewe. Njia iliyo bora kwa wote wawili ni kumtuliza mnyama kwa sindano ya msuli, kumlaza kwa propofoli au kwa ketamini na diazepamu mshipani, kuingiza tyubu, kisha kumdumisha kwa isoflureni. Kwa njia hiyo ubaya wa harufu ya isoflureni hauna athari tena, kwa kuwa mnyama anaikuta akiwa amelala. Ikilazimu kutumia barakoa, sevoflureni humlaza mbwa upesi na kwa vurugu chache kuliko isoflureni, lakini tofauti ya kuamka kati ya hizo mbili kwa mbwa ni ndogo mno kuhalalisha gharama.

Utafiti mkubwa uliofanywa katika kliniki za Uingereza kati ya 2002 na 2004 uliwakuta wakifa kwa sababu za usingizi takriban asilimia 0.17 ya mbwa, 0.24 ya paka na 1.39 ya sungura. Jambo la kuzingatia zaidi ni wakati: vifo vingi vya paka na sungura vilitokea baada ya upasuaji, hasa katika saa tatu za kwanza. Mnyama mdogo hupoteza joto upesi, na mwili uliopoa huchelewa kuamka, dawa iwe ni ya kasi kiasi gani. Kliniki yenye uwezo wa kununua ama vaporaiza ya sevoflureni ama vifaa vya kumpasha mnyama joto na mtu wa kumkalia macho hadi asimame ichague hivyo vya pili bila kusita.

Sungura ana desturi yake. Akinusa isoflureni au sevoflureni hubana pumzi, wakati mwingine kwa zaidi ya nusu dakika, mapigo yakishuka, kisha huvuta pumzi kubwa katikati ya mvuke mzito. Sevoflureni haimponyi tabia hiyo, na anayedhani kuwa inafaa kwa sababu watoto wanaipenda atasikitika. Ndege ni kinyume chake: vifuko vyake vya hewa humfanya apokee na kutoa mvuke kwa wepesi usio na mfano, na isoflureni kwa barakoa ni njia ya kawaida kabisa, akiamka baada ya dakika chache. Mbuzi na ng'ombe hucheua, hujaa gesi na kutoa mate mengi, kwa hiyo barakoa bila tyubu ni kuyakaribisha mapafu yajae uchafu. Kwao upasuaji mwingi hufanyika vyema zaidi kwa ganzi.

Kwa farasi, hoja ya kuamka hufika kilele. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa karibu farasi mmoja kati ya 100 wasio na ugonjwa wa tumbo alikufa katika siku saba baada ya usingizi, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokana na mifupa iliyovunjika na misuli iliyoharibika. Farasi wa kilo 500 anapoamka huanza kwa kuchezesha masikio na macho, kisha silika ya kukimbia humwinua kabla miguu haijawa tayari. Huanguka, hujaribu tena kwa nguvu zaidi, na jaribio la tatu linaweza kuvunja mfupa ambao hakuna atakayeunga. Dawa inayomwamsha upesi humwamsha akiwa bado amechanganyikiwa. Ndiyo maana madaktari wa farasi humpa dozi ndogo ya zailazini, dawa ya kutuliza, mara tu mvuke unapofungwa, kwa makusudi ya kumchelewesha, ili alale kifudifudi kwa muda huku isoflureni au sevoflureni ikitoka, naye ainuke mara moja tu. Punda, ambaye wafugaji wetu wanamtegemea zaidi, kwa kawaida hungoja kwa utulivu hadi awe tayari, na hilo humfanya awe mgonjwa mwepesi zaidi katika saa hiyo.

Hatari ya mtoto na ya mnyama pia

Mvuke wa dawa zote nne unaweza kuamsha joto kali la ghafla kwa mwenye hitilafu ya kurithi ya misuli: misuli hukakamaa, hewa ukaa hupanda, joto la mwili hupanda baadaye. Hutokea kwa watoto, na hutokea kwa nguruwe wa baadhi ya mbegu, kama Pietrain na Landrace, kiasi kwamba wafugaji wa Ulaya waliwahi kutumia kuvutisha halotheni kama kipimo cha kuwatambua nguruwe wenye kasoro hiyo. Mtoto mwenye udhaifu wa misuli wa Duchenne naye asipewe mvuke, kwani misuli yake inaweza kupasuka na kuijaza damu potasiamu. Kuchagua kati ya halotheni na sevoflureni hakumsaidii yeyote kati ya hawa; anahitaji dawa za mshipani.

Desflureni inabaki na kasoro moja zaidi. Huchemka karibu nyuzi 23, joto ambalo chumba cha upasuaji cha Dar es Salaam hulivuka bila kiyoyozi, kwa hiyo huhitaji vaporaiza maalumu inayopashwa kwa umeme. Nguvu yake ya kuongeza joto duniani ni zaidi ya mara 2,500 ya hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100, na Scotland iliiacha katika hospitali zake za umma mwaka 2023. Haifai kulaza mtoto, haihitajiki kwa mbwa, na sioni sababu ya hospitali ya kwetu kuianza.

Ikiwa vaporaiza ni moja

Hospitali inayowapasua watoto wengi na kupata oksijeni ya uhakika inunue sevoflureni, na bajeti ya propofoli ya kumaliza upasuaji iwe sehemu ya uamuzi huohuo. Hospitali ambayo haiwezi kuimudu, na ambayo bado ina halotheni, isiitupe. Ipande ngazi polepole, iweke atropini, dawa ya kuinua mapigo ya moyo, mkononi, na isimamie uamkaji kwa mtu, siyo kwa matumaini. Upatikanaji wa halotheni unazidi kupungua, kwa hiyo mpango wa kuihama uanze sasa. Isoflureni peke yake itamfaa mtoto pale tu ambapo watumishi wana ustadi wa kumlaza kwa ketamini au propofoli kwanza. Kliniki ya mifugo inunue isoflureni, ijifunze kuweka tyubu kwa paka bila kuliudhi zoloto lake, na ielekeze fedha zilizobaki kwenye bomba la kuutoa nje ya chumba mvuke unaotumika.